Ukikanyaga mafuta gari ikachelewa kuitika: tafuta kwanza inachelewa wapi

Kiangazi kilichopita dada mmoja, muuguzi anayekwenda na kurudi kati ya Sikonge na Tabora mjini, aliniletea Toyota IST yake, ile ya toleo la pili, ikiwa na vumbi hadi ndani ya mikunjo ya milango. "Kaka, gari imekuwa nzito," akasema. "Nakanyaga, inakaa kidogo kama inafikiria, ndipo inaondoka. Na hata ikiondoka haina ule mvuto." Alikuwa ameshanunua plagi nne, koili moja na pampu ya mafuta, kila kimoja kwa ushauri wa mtu tofauti, na gari ilikuwa vilevile. Nikafungua mlango wa dereva, nikapiga magoti, nikakandamiza pedeli kwa mkono. Ilishuka nusu ya safari yake ikagota. Kulikuwa na kapeti mbili zimepandana, ile ya juu imejikunja nyuma ya pedeli ikawa kama kabari. Tulipoitoa, nusu ya ugonjwa iliondoka papo hapo. Nusu ya pili nitaieleza mwishoni, maana ilikuwa mahali pengine kabisa.

Ile pampu ilikuwa sehemu kubwa ya mshahara wa mtu. Ndiyo maana naandika haya. Gari ikichelewa kuitika, usinunue kipuri chochote kabla hujajua inachelewa wapi.

Kutoka mguuni hadi kwenye tairi

Zamani pedeli ilivuta kebo, na kebo ikafungua kipepeo cha hewa pale kwenye mdomo wa injini. Ukikanyaga robo, kipepeo kinafunguka robo. Magari mengi ya Japani tunayoyapokea, hasa ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hayana kebo hiyo. Pedeli ina sensa mbili zinazopeleka umeme mdogo kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kwenye Toyota nyingi, mguu ukiwa juu, sensa ya kwanza husoma karibu volti 0.8 na ya pili karibu 1.6, kisha zote mbili hupanda pamoja kadiri unavyokanyaga. Kontroli boksi inazilinganisha, inaangalia mwendo, gia, joto la injini na mambo mengine, halafu inaamuru mota ndogo ya umeme ikifungue kipepeo kwa kiasi inachoona kinafaa. Wewe unaomba tu. Anayefungua ni kontroli boksi.

Kwa hiyo ucheleweshaji unaweza kukaa sehemu tatu: kati ya mguu na kipepeo, kati ya kipepeo na injini, au kati ya injini na tairi. Kuzitenganisha hakuhitaji mashine. Washa gari, iache ipate moto kamili, iweke P kwenye uwanja tambarare na breki ya mkono ikiwa juu. Kanyaga kwa haraka hadi nusu, uachie, huku ukiutazama mshale wa mzunguko wa injini. Usishtuke ukiona unagoma kupita 4,000 au hata chini ya hapo. Magari mengi yamewekewa kikomo yakiwa P. Unachotafuta ni kama mshale unaruka pamoja na mguu au unajivuta. Kisha ingia barabarani pasipo na watu, nenda kilomita 40 kwa saa, kanyaga kwa nguvu, na usikilize: je, injini inapiga kelele lakini mwili wa gari hausogei, au hata hiyo kelele haiji?

Mshale unapanda, gari haiendi

Hapa injini haina kosa, na plagi mpya hazitakusaidia kitu. Kwenye gari ya gia za mkono, klachi imeisha na inateleza; utaijua kwa harufu yake ukipanda mlima. Kwenye otomatiki, anza na haidroliki ya giaboksi. Kama kuna kijiti cha kupimia, kivute kwa jinsi kitabu cha gari kinavyoelekeza. Haidroliki iliyopungua huleta kusubiri kati ya kuweka D na gari kushika. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, giaboksi imeshaanza kula sahani zake.

CVT, zile giaboksi za otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia, zinahitaji tahadhari zaidi. Hazibadilishi gia kwa hatua, kwa hiyo injini kupanda kwanza na mwendo kufuata baadaye ni tabia yake kwa kiasi fulani. Lakini ikiwa mshale unacheza juu na chini huku mguu umetulia, au gari inapoteza nguvu baada ya saa moja ya mwendo na kupona ikipumzika, mkanda wake unateleza au haidroliki imepata joto kupita kiasi. Weka haidroliki ya aina iliyoandikwa kwa gari hiyo hasa. Nimeona CVT zilizowekewa haidroliki ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, na hakuna hata moja iliyodumu.

Usiruke breki. Endesha kilomita kama tano ukitumia breki kwa uchache, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo haiachii. Gari inasukuma huku imeshikwa, na dereva anadhani injini imechoka.

Kabla hujaiita ugonjwa

Angalia dashibodi kama ECO, hali ya kubana mafuta, inawaka. Hali hiyo hupunguza kwa makusudi ukali wa pedeli: unakanyaga nusu, kipepeo kinafunguka chini ya hapo. Kitufe cha SNOW kwenye baadhi ya magari hufanya jambo linalofanana. Zima, ujaribu tena.

Jambo jingine ni mwinuko wetu. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. IST ya 1.5 yenye nguvu farasi 109 kwa hesabu za kiwandani inabaki na kama 96 ikifika hapa. Mtu aliyeichukua bandarini Dar es Salaam akaizoea wiki mbili kule, akija nayo huku ataona imepungua, na ni kweli imepungua. Anayeshuka Kigoma mjini, kwenye mita 770 hivi pale ziwani, atahisi imerudi kidogo. Hilo halitengenezwi.

Kuna pia vile vifaa vinavyouzwa mtandaoni vya kuchomeka kwenye pedeli ili gari "iwe kali". Vinachofanya ni kudanganya ombi: ukikanyaga robo, vinaiambia kontroli boksi umekanyaga nusu. Mguu ukifika mwisho, gari ina nguvu ileile. Kwenye gari nzima ni suala la ladha tu, lakini kwenye gari yenye tatizo kinauficha ugonjwa hadi ukomae. Mimi sikifungi kwenye gari ya mtu kabla ya kuipima.

Gari imejifunga

Hii ina dalili ambayo ukiiona mara moja huisahau. Ulikuwa unakwenda vizuri, mara taa ya cheki injini inawaka, pedeli inakuwa kama imekufa, na gari inatambaa hata ukikanyaga hadi sakafuni. Ukizima na kuwasha inaweza kupona kwa muda. Kontroli boksi imeona jambo isiloliamini na imejiwekea kikomo ili gari isije ikakimbia yenyewe. Inakulinda.

Hapa mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kontroli boksi imezihifadhi, ni ya lazima. Hata kile kidude kidogo cha kuunganisha na simu kinatosha kwa kuanzia. P2138 inasema sensa mbili za pedeli hazikubaliani. P2135 inasema hivyohivyo kuhusu sensa za kipepeo. P2111 na P2112 zinahusu kipepeo kilichokwama, wazi au kimefungwa. Lakini kodi inakuonyesha mtaa tu, nyumba unaitafuta mwenyewe. Ukiona P2138 usikimbilie kununua pedeli. Chomoa soketi yake, tazama kama kuna kutu ya kijani au pini iliyorudi nyuma, irudishe, kisha fungua volti za sensa zote mbili kwenye mashine ukikandamiza pedeli polepole sana kwa mkono. Namba zinatakiwa zipande kama maji yanayojaa kwenye ndoo. Zikiruka au zikishuka ghafla mahali fulani, sensa imechakaa mahali hapo, mara nyingi pale mguu unapokaa muda mrefu zaidi.

Fuata waya pia. Gari iliyolala wiki mbili chini ya mwembe bila kuguswa, fungua boneti utafute kinyesi cha panya na maganda. Panya anatafuna waya wa sensa sawa na anavyotafuna gunia la karanga, na waya uliobaki na nyuzi mbili husoma vizuri gari ikiwa imesimama kisha hukatika kwenye mtikisiko. Pima na chaji: injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Sensa hizi zinaishi kwa volti 5 tu, na waya wa ardhi uliolegea unazichanganya zote kwa pamoja.

Sababu moja ambayo wengi hawaifikirii ni swichi ya breki. Magari mengi ya kuanzia 2010 hivi yana ulinzi kwamba ukikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, breki inashinda. Swichi ikikwama, kontroli boksi inaamini mguu wako uko kwenye breki muda wote. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari. Taa za breki zikiwaka wakati mguu wako uko hewani, umeshapata jibu kwa swichi ambayo ni kati ya vipuri vya bei ndogo.

Mshale wenyewe unajivuta

Injini inataka hewa, mafuta, moto, na njia ya kutolea moshi. Moto naupitia haraka: plagi au koili ikifa, gari inamisi, inatetemeka ukiwa umesimama, na kodi za P0300 hadi P0304 kwenye injini ya silinda nne zitakuambia. Gari isiyotetemeka wala kumisi ina nafasi ndogo ya kuwa na tatizo la koili, na ndiyo maana koili ya yule dada ilinishangaza.

Mafuta yana namna yake. Gari inaondoka vizuri, lakini ukiidai sana, kwa mfano kupita lori la tumbaku barabara ya Urambo, inaishiwa pumzi, na ukipunguza mguu inapona. Hapo filta imeziba, pampu imechoka au nozeli zimejaa uchafu. Petroli ya nozeli za kawaida kwenye Toyota nyingi inatakiwa isukumwe kwa bar 3 na kidogo. Fundi afunge geji, gari ipewe kazi, mshale wa geji uangaliwe kama unaanguka. Geji hiyo ingemwokolea yule dada pampu nzima.

Halafu kuna mafuta yenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umezidi, na vituo vinakaguliwa. Dumu la kando ya njia halina mkaguzi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inashuka uwezo wa kuvumilia mgandamizo, injini inaanza kugonga kama kokoto kwenye kopo, sensa ya kugonga inasikia, na kontroli boksi inachelewesha cheche ili kuiokoa injini. Cheche ikichelewa, gari inakuwa nzito. Kama uzito ulianza kilomita chache baada ya kujaza, anzia kwenye tenki.

Kwenye bomba la moshi, tatizo ni masega, yaani kile kisafisha moshi (katalitiki). Watu wa Tabora hawahitaji kuelezwa sura yake: vijitundu vyembamba vilivyopangana, na moshi wote unapita humo. Yakiyeyuka au kuvunjika, gari inakuwa kama mtu aliyezibwa mdomo: inawaka, inatulia, lakini haipandi, na inazidi kuwa mbaya kadiri ya mwendo. Fundi anaweza kufungua sensa ya oksijeni ya mbele, injini ikiwa imepoa, kisha ajaribu gari kwa muda mfupi. Itapiga kelele mbaya, lakini nguvu ikirudi, masega yameziba. Kodi ya P0420 peke yake haithibitishi hilo. Inasema tu kwamba hayasafishi moshi inavyotakiwa. Masega hayafi bure. Yaliuawa na plagi iliyokuwa ikimisi kwa miezi au injini inayokula oili, kwa hiyo tibu hilo kwanza. Na tabia ya kuyatoboa na kuacha bomba tupu siikubali, kwa sababu moshi huo tunauvuta sisi na watoto wetu kwenye mitaa hiihii.

Diseli zenye turbo

Hilux, Prado, Hiace. Turbo ina kusubiri kwake kwa asili, nusu sekunde au zaidi kidogo ukiwa mzunguko wa chini. Kusubiri kukiwa kurefu, na moshi mweusi ukitoka nyuma, tafuta mpira wa hewa uliopasuka kati ya turbo na intakula, kile kipoza hewa. Mipasuko hiyo hujificha upande wa chini. Mpira ukiwa na mstari wa oili iliyoshika vumbi, papase hapo. Mtu mmoja akanyage, mwingine asikilize mlio wa upepo unaovuja, mikono ikiwa mbali na feni. Kodi hapa mara nyingi ni P0299, yaani shinikizo la turbo halifiki linapotakiwa.

Bila moshi mweusi, tazama upande wa diseli: filta na maji. Ile filta ina kizibo cha chini cha kumwagia maji, na nimekutana na magari yaliyokaa miaka bila kufunguliwa. Mwaga kwenye chupa angavu, uiache itulie. Maji yatakaa chini na utayaona kwa macho. Anayeipeleka gari Dar kupitia Singida atajua hali ya turbo na filta yake pale mlima Sekenke, baada ya Shelui, lakini ni heri ajue kabla ya kuondoka.

Hewa, na nusu ya pili ya IST

Baada ya kuitoa kapeti, gari ilikuwa na nguvu lakini bado ilikuwa na ule upungufu wa mwanzo: ukigusa mafuta kutoka kusimama, inasita, inainama kidogo, kisha inaruka. Mshale ulijivuta hata kwenye P. Hakuna taa iliyowaka. Nikafungua kwenye mashine marekebisho ya mafuta, ile asilimia inayoonyesha kontroli boksi inaongeza au kupunguza petroli kiasi gani ili mchanganyiko ukae sawa. Gari nzima hukaa karibu na sifuri, na kumi juu au chini si la kutisha. Yake ilikuwa imejumlisha 19.

Namba hiyo ina siri moja. Ikiwa juu injini ikizunguka taratibu na kushuka ukiipandisha hadi 2,500, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma: mpira uliopasuka au gasketi iliyokauka. Ikiwa juu kote, au ikizidi unapoidai gari, ama mafuta hayafiki ama sensa ya hewa inadanganya. Ya kwake ilikuwa juu kote, na pampu ilikuwa mpya. Nikafungua boksi la ea klina.

Klipu moja ya kifuniko ilikuwa haijabanwa. Ea klina ilikuwa nyekundu kwa udongo upande mmoja, lakini kilichonishtua kilikuwa upande wa pili, upande unaotakiwa kuwa safi: alama ya vumbi laini kama poda, imepita pembeni ya ea klina na kuelekea kwenye sensa ya hewa, ile mafundi tunayoiita eaflo. Nikaichomoa, nikaimulika kwa tochi. Ndani yake kuna waya mwembamba kuliko unywele, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, na kwa kupoa kwake kontroli boksi inajua hewa kiasi gani imeingia. Waya ule ulikuwa umevaa koti la vumbi. Ukivaa koti haupoi, kontroli boksi inadhani hewa ni chache, inatoa mafuta machache, gari inasita.

Waya huo hauguswi, wala kwa pamba. Tumia dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa eaflo, pulizia mara kumi hivi kwa umbali kidogo, uache ukauke wenyewe. Kabureta klina usiipeleke huko, inaacha mabaki na inaweza kuharibu plastiki.

Kwa kuwa bomba lilikuwa limeshafunguliwa, nikatazama kipepeo. Ukingoni kulikuwa na pete nyeusi ya kaboni. Uchafu huo unabana ule upenyo mdogo ambao hewa hupita mguu ukiwa juu, na ndio unaoleta kusita kwa mwanzo na wakati mwingine gari kuzima ukisimama kwenye taa. Kusafisha kunataka utulivu. Swichi iwe imezimwa na ufunguo uwe mfukoni, kwa sababu kipepeo kikijifunga kwa mota yake kinaweza kukata kidole. Lowesha kitambaa kwa dawa ya throtobodi, yaani nyumba ya kipepeo, futa kingo na nyuma yake, ukikisogeza kwa upole bila kukilazimisha, maana gia zake za ndani ni za plastiki. Usiimwagie dawa mota wala sensa ya pembeni.

Ukimaliza, gari inaweza kuunguruma juu, hata 1,400. Haijaharibika. Kontroli boksi ilikuwa imezoea kipepeo kichafu na bado inakifungua kwa kipimo cha zamani. Kwenye Toyota nyingi inatosha kuchomoa betri dakika chache, kuwasha, na kuiacha izunguke yenyewe dakika 15 bila eya kondishena wala taa. Nissan zina utaratibu wake wa kufundisha upya, na mara nyingi kwa mashine ni rahisi zaidi.

IST ilishuka taratibu hadi karibu 700 ikatulia. Nikabana ile klipu ya boksi, nikaijaribu mara mbili kwa vidole, nikamwita mwenyewe aje kuisikiliza. Marekebisho ya mafuta yalisoma 4. Nilimwambia aitazame siku tatu. Ikianza tena kuunguruma juu au kuyumba, gasketi ya throtobodi itakuwa haikukaa sawa na ninatakiwa kuifungua mimi, bila malipo.